Marehemu Ndiye Mwongozaji

Jumatatu, 3 Juni

Shajara wangu, salaam. Hujambo? Umelalaje humo chini ya mto? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila moyo unadunda kwa furaha. Nimepewa kuongoza! Mimi, mwenye shule fupi, niliyeanza kwa kupita nyuma ya waigizaji na sinia la vikombe, nikapanda hadi nikawa Mama Mkwe Katili wa tamthilia. Sokoni bado wananizomea. Raha iliyoje!

Bosi, yule mtayarishaji wetu, kaniambia niongoze sehemu ya Ijumaa kama majaribio. Ikitoka vizuri, kiti cha mwongozaji ni changu. Ikiharibika, nikapumzike nyumbani. Nikamuuliza kwa nini nyumbani, si nitarudi kuigiza? Akakohoa. Akanipa muswada. Ukurasa wa mwisho, Mama Mkwe anakufa.

Yaani nijizike mwenyewe!

Nimesali. Nimelia kidogo. Nimepata wazo.

Jumanne, 4 Juni

Wazo lenyewe: kidole. Nitakufa, sawa, muswada uheshimiwe. Lakini jenezani, mwisho mwisho kabisa, kidole kitacheza. Kidogo tu! Watazamaji watapiga simu studio mpaka ziungue. Bosi atanifufua mwenyewe. Hapo nitaongoza na kuigiza. Viti viwili, na kwa unene huu vitanienea.

Nimemweleza Baba Watoto. Kasema, macho kwenye gazeti, nimwachie Mungu. Nikamjibu Mungu naye ana wasaidizi. Akafunua ukurasa: "Wasaidizi, mke wangu. Si wasimamizi."

Hana wivu wa maendeleo, huyu mwanamume.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi. Mkwe wangu wa kwenye tamthilia tunamwita Bi Machozi, kwa sababu hulia hata akiambiwa acheke. Kiti cha mwongozaji alikitaka yeye. Alipeleka keki kwa Bosi! (Yangu ilikuwa kubwa zaidi.)

Nimelala jenezani, nikajaribu kidole. Kaniona! Kachukua shada la maua ya plastiki, kaniwekea juu ya mikono, kauliza kwa sauti ya asali kama marehemu ana raha.

Nyoka! Mungu nisamehe. Nyoka mdogo.

Ijumaa, 7 Juni

Oh, shajara wangu. Kaa vizuri.

Sheria ya kazi yetu ni moja: kamera haizimwi mpaka mwongozaji aseme "Kata". Mimi sikufikiria kwamba mwongozaji atakuwa ndani ya jeneza, kafa. Bi Machozi alifikiria.

Muswada ulimpa maneno machache tu: kwaheri mama, nimekusamehe. Akayasema. Kamera inakwenda. Akaanza kulia upya. Akapiga magoti. Akasimulia nilivyombeba mgongoni alipokuwa mtoto. Mkwe wangu! Nilimbeba lini? Kisha akanilalia kifuani, yeye na shada lake, kidole changu kikazama kabisa. Nikamsikia sikioni: "Kata basi, shoga. Si wewe mwongozaji?"

Nikasali kimoyomoyo. Nikavumilia kama jiwe. Chozi lake likadondoka, likaingia moja kwa moja puani mwangu.

Nikaketi wima. "KATA! Na wewe shuka kifuani mwangu!"

Wee! Waombolezaji tuliwaokota mtaa wa pili, kamera hawajawahi kuiona. Wote mbio. Bibi mmoja aliyeingia kwa mkongojo katokea dirishani, mkongojo kauacha. Kiongozi wa sala, mwigizaji wa miaka na miaka, kapanda juu ya meza. Mpiga kamera alicheka mpaka picha ikatikisika, lakini hakuzima. Nikamfokea, si nimesema kata? Eti kata ya marehemu haihesabiki.

Basi. Sina kiti, sina uhai. Chakula cha jioni kimenishinda. Baba Watoto kala changu pia, kwa huzuni.

Jumatatu, 10 Juni

Bosi alijifungia chumba cha uhariri kuitazama. Mimi mlangoni, nasali. Nikasikia meza inapigwa. Nikasema ndiyo hivyo, nimefukuzwa. Mlango ukafunguliwa: Bosi anafuta macho, kucheka kumemmaliza!

Kasema tamthilia ya vilio imewachosha watu, sasa tunageuka vichekesho. Nyumba ya mama mkwe aliyekufa akakataa kutulia. Marehemu haonekani, anasikika tu akigonga sufuria. Mwigizaji mkuu, Bi Machozi. Mwongozaji, MIMI! Mungu ni mwema!

Sharti moja: nisionekane tena mbele ya kamera, hata kivuli. Nikaapa papo hapo. Bi Machozi kanikumbatia, kanipongeza, kakiri kuwa hajawahi kuogopa vile tangu azaliwe. Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Ni mwema, kumbe. Kiasi.

Jioni nimeongea na fundi wa mandhari, yule anayetujengea vyumba vya kuigizia. Sebule ya marehemu inahitaji picha yake ukutani, kubwa, juu ya kochi, kila mtu apite mbele yake. Kiapo kiko palepale! Picha si mimi. Picha ni picha. Nimemwomba tu aitoboe macho, na nyuma ya ukuta aache nafasi ya mtu kusimama. Humo nitaongozea vizuri, naona kila kitu.

Baba Watoto kaguna tu.

Sasa, shajara wangu, tunaanza keshokutwa, usinicheleweshee jibu: nikonyeze kwa jicho la kulia au la kushoto?