Fidla Isiyo na Karatasi

Mjini walimwita Profesa, ingawa shule aliijua geti tu. Siku hiyo alipeleka suruali ipunguzwe kiuno kwa mshonaji mmoja mjane, akaona fidla ikining'inia ukutani juu ya cherehani.

"Ya marehemu mume wangu," mjane alisema. "Ni ya zamani. Sijui hata ilikotoka."

Profesa aliishusha, akachungulia tunduni. Hakuna karatasi yenye jina la fundi aliyeitengeneza. Lakini mgongo ulikuwa na milia iliyocheza kila alipougeuza kwenye mwanga, na vanishi ilikuwa imelika pale kidevu kinapokaa. Moyo ulimruka. Uso ukabaki wa msibani.

"Pole, mama. Fidla isiyo na karatasi ni mtoto asiye na baba. Nitakusaidia kuitupa."

"Asante, baba. Ila haitoki bila cherehani mpya kuingia. Hii yangu inakula uzi tu."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Profesa aliuza pikipiki yake. Cherehani ya umeme ikaingia, fidla ikatoka.

Nyumbani akaamua kumtafutia mtoto baba. Alichovya karatasi kwenye chai, akaandika jina la kigeni lisilotamkika na mwaka wa zamani sana, akaibandika ndani kwa gundi. Kazi safi. Hata tapeli ana haki ya kujisifu.

Kesho yake dukani, muuza ala za muziki aliingiza kioo kidogo tunduni. Akatazama, akanusa.

"Kaka, karatasi hii ina tangawizi."

Profesa aliutupia jicho mlango.

"Mbao zenyewe za kiwandani," muuzaji aliendelea kwa upole. "Na kughushi ni kesi. Nipige simu polisi, au nikupe nauli uniachie hili gogo?"

Profesa alichukua nauli. Kwa mara ya kwanza maishani, alisema asante kwa moyo wote, akatoka mbiombio.

Muuzaji alifunga mlango. Alilowesha brashi kwa maji ya moto, akaing'oa karatasi taratibu, akapapasa kichwa cha fidla kilichojikunja kama konokono, machozi yakimlengalenga. Kisha akampigia simu tajiri mmoja.

"Ile uliyoisaka miaka yote, ninayo mkononi."

Akasikiliza kidogo.

"Karatasi? Haina, mzee. Fundi yule hakuwahi kubandika hata moja. Ndiyo maana nimeijua."