Maharage Yangu na Nyuki wa Kaka

Jumatatu, 5 Mei

Mambo yameiva! Redio imetangaza: serikali itachagua shamba moja la mfano, na mwenye shamba atapata mbolea na mbegu za ruzuku msimu mzima. Redio hiyohiyo ikasema ile dawa kali ya wadudu imepigwa marufuku. Inaua nyuki, inadhuru watu, aliye nayo airudishe ghalani. Nimelitafakari. Kitu hakipigwi marufuku mpaka kiwe kinafanya kazi.

Nimemwamsha muuza pembejeo. Kaniuzia dumu kwa bei ya kutupa, kisha akaniomba nisahau sura yake. Nimelificha jikoni nyuma ya mafuta ya taa. Mke wangu kauliza ni nini. Nimemjibu kuwa ni mambo ya serikali.

Maharage yangu yametoa maua, lakini vidukari, vile vijidudu vya kufyonza utomvu, wameyavaa kuanzia shina hadi ncha. Ya jirani yangu, tunayemwita Mstari kwa sababu hapandi bila kamba, yamesimama kama askari wa gwaride. Roho inaniuma hata kupita pale.

Jumanne, 6 Mei

Kaka amepita kukumbusha. Atakayepulizia chochote, hata maji ya sabuni, amwarifu siku moja kabla. Yeye huamka alfajiri, akaziba milango ya mizinga kwa magunia yaliyoloweshwa, nyuki wasitoke. Ndivyo tunavyofanya hapa tangu shemeji, mke wake, alipoleta mizinga ile. Shemeji ametangulia mbele ya haki, mizinga imebaki. Kaka huiamkia kila asubuhi, huipa habari za nyumbani, ndipo anywe chai. Namtania kwa mengi, hilo sijawahi.

Nimemwambia mimi ni majivu na pilipili tu. Ningesema napulizia, angeuliza napulizia nini, na Kaka hajui kuficha neno. Kufikia adhuhuri hata mbuzi wangejua.

Jumatano, 7 Mei

Nimepulizia! Jua limetoka, maua yamefunguka, kitambaa puani. Upepo ukanirudishia nusu ya dawa usoni. Jicho la kushoto limevimba. Lakini vidukari! Wameanguka kama vumbi. Nimecheka peke yangu katikati ya shamba. Halafu nimetapika, ila kidogo.

Alhamisi, 8 Mei

Kaka amekuja kashika kofia mikononi. Nikadhani leo kaamua kuniheshimu. Kofia ilijaa nyuki waliokufa, ndimi nje. Amesema mizinga yote imenyamaza. Amekwenda kuamkia kama kawaida, akakosa wa kumwamkia. Kaka yangu, aliyenifundisha kupiga mbinja, akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Nimeumia. Sina pa kulisema ila hapa: nimeumia sana.

Nikamwambia labda ni baridi. Akasema siyo. Mstari alipopulizia sabuni alimtuma mkewe kuja kumwarifu. Kila mtu humwarifu. Basi aliyefanya hivi ni mtu wa mbali, asiyetujua. Kisha akaliona jicho langu, akanisihi nilikande kwa maji ya chumvi.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alitazama jikoni, akanitazama mimi. 

Ijumaa, 9 Mei

Bwana shamba amekuja kukagua. Kapiga magoti, kageuza majani. Hakuna kidukari hata mmoja! Nikatanua kifua. Akaendelea kutafuta. Hakuna sisimizi, hakuna buibui, hakuna chochote chenye miguu. Akauliza nimetumia nini. Majivu na pilipili. Akanusa jani. Akauliza tena, polepole.

Hapo Kaka, aliyekuja kunisindikiza, akaingilia. Akasema mdogo wake ana vituko vingi, hilo halikatai, ila sumu ile hawezi kuigusa. Anajua nyuki wale walikuwa wa nani. Bwana shamba akamtazama Kaka kwa muda mrefu. Akatia kalamu mfukoni.

Ruzuku kapewa Mstari! Maharage yake yana vidukari, nimewaona kwa macho yangu, hata hili bovu! Bwana shamba anasema shamba lenye wadudu wachache na buibui wa kuwala ni shamba lililo hai. Sera gani hii? Mtu anatuzwa kwa kuwa na wadudu! Kaka akanishika bega njia nzima, ananipa pole. Mimi ndiye ninayepewa pole, na yeye. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 11 Mei

Redio tena! Ruzuku ya ufugaji nyuki, kwa mwenye mizinga iliyo tayari. Nimemkimbilia Kaka. Amesema hana moyo wa kuanza upya. Nikamwomba mizinga mitupu. Akanikumbatia! Akasema afadhali ibaki kwenye familia, shemeji angefurahi. Ana ombi moja tu: siku nyuki watakapoingia nimwarifu, aje kuwaamkia.   Nimemwahidi, na safari hii ni kutoka moyoni.

Tumeibeba pamoja, nimeipanga nyuma ya nyumba juu ya vigingi. Inapendeza! Mstari atakoma. Tatizo ni moja, sisimizi wameshaanza kupanda vigingi, na sisimizi na nyuki hawakai pamoja. Nikakumbuka dumu. Limebaki nusu, ni dhambi kulimwaga. Nitapaka kidogo tu, kwenye vigingi na pembeni mwa milango. Kaka sitamwarifu. Ana majonzi ya kutosha.