Goti la Kushoto na Farasi Aitwaye Haraka

Jumatatu, 2 Juni

Nimevuliwa mkanda wa goti la kushoto. Miezi mitano! Janeth, mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini, ameukunja mguu, akaunyoosha, akaukunja tena. Mimi nikatazama dari ili asione machozi. Amesema bado. Wiki sita zaidi za mazoezi, ndipo tuzungumzie farasi. Nikamwambia sawa, dada. Nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Rubeni kumwambia nimepona kabisa.

Ningefanyaje? Mzee Rubeni ana nyumba ya wageni njia ya Magamba, na farasi wanne. Kwa miaka kumi na moja kiongozi wa safari za farasi nilikuwa mimi, Nathanaeli. Tangu nianguke anaongoza Zakia, binti wa Mlalo, miaka ishirini na sita. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga tandiko! Na tarehe 21 wanakuja wageni sita, wanataka kwenda Rangwi na kurudi, siku mbili. Hakuna safari kubwa kama hiyo mwaka huu. Mzee anataka kumpa Zakia.

Rangwi! Kwa wakwe zangu! Yaani ukoo mzima wa mke wangu Dorkasi utoke barazani umtazame Zakia akipita juu ya Jemadari, farasi wangu, na mimi niko nyumbani namenya viazi?

Mzee amefurahi kusikia nimepona. Amesema Jumatano ya wiki ijayo tutapanda wote wawili mbele yake, ndipo aamue.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niandike ukweli mara moja. Lushoto nzima inajua nilianguka nikimwokoa mgeni, baada ya lori la mbao kutoka Shume kupiga honi. Hapakuwa na lori. Nilikuwa nimesimama juu ya tandiko, mikono nimeitanua, mgeni ananipiga picha. Jemadari akainama kula kabichi. Mimi nikaendelea mbele.

Jumatano, 4 Juni

Mazoezi ya Janeth: kukunja goti mara thelathini, asubuhi na jioni. Nimekunja mara nne. Nikapata wazo bora zaidi.

Nimemwendea Mzee Rubeni na uso wa masikitiko. Nikamwambia sipendi kusema, ila nimesikia Zakia anaogopa mteremko wa kwenda Rangwi. Nilidhani atatikisa kichwa na kuliweka moyoni. Hapana! Amemwita Zakia palepale, mimi nikiwa nimesimama, kikombe cha chai mkononi.

Zakia amesema ameushuka mteremko huo mara tatu tangu Februari, mara moja kwenye mvua. Akauliza nani kasema. Mzee akanitazama. Nikasema watu. Watu gani? Watu wa Shume. Zakia akasema kwa adabu kabisa kwamba labda wamemfananisha na msichana mwingine anayepanda farasi.

Milima hii yote haina msichana mwingine anayepanda farasi.

Wakati wa kuondoka akaniamkia. Shikamoo, kaka Nathanaeli. Shikamoo baada ya hayo! Nikaitika marahaba kama mtu aliyekwamwa na mfupa.

Jumamosi, 7 Juni, Idi

Zakia yuko Mlalo kwa sikukuu. Mzee Rubeni kaalikwa pilau. Banda halina mtu. Siku yangu!

Nilipanga nijaribu na Haraka. Huyu ni jike mzee, ana miaka ishirini na mbili, na aliyempa jina hilo alikuwa na mzaha. Goti halikubali kukunjwa mpaka kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Basi nikapanda juu ya rundo la magogo, Haraka nikamsogeza ubavuni, nikateleza juu ya tandiko kama mtu anayeingia kitandani. Nimepanda! Baridi, ukungu, harufu ya misonobari. Karibu niimbe.

Haraka akaanza kutembea. Nilimwambia ageuke kushoto. Akaenda kulia, akatoka getini, akashika barabara ya chini. Nikavuta hatamu. Akasimama, kweli, ila alisimama katikati ya akina mama waliokuwa wakipakia karoti kwenye lori.

Hapo ndipo nikagundua kosa katika mpango wangu. Kupanda nilipanda kwa magogo. Kushuka, magogo hayapo. Chini ni mbali. Ni mbali sana! Nikabaki juu. Akina mama wakanisalimu. Nikawasalimu. Wakauliza natafuta nini. Nikasema nakagua barabara.

Nusu saa. Nimekagua barabara nusu saa nzima, ng'ombe wawili na mchungaji wa usharika wakipita.

Kisha nikamwona Mzee Tobia anapanda mlima na mkongojo wake, kofia mkononi. Baba yake Dorkasi. Mkwe wangu! Kaja kutoka Rangwi kutujulia hali bila taarifa. Nikavuta kola ya koti mpaka masikioni. Akanijua. Akaja mpaka kwenye bega la farasi, akasimama, akangoja.

Nikasema shikamoo, baba. Kutoka juu. Mkwe wangu yuko chini anatazama nyayo za viatu vyangu na mimi namwamkia kutoka juu kama mkuu wa wilaya wa zamani.

“Marahaba,” akasema. “Shuka basi tusalimiane.”

Akina mama waliacha karoti.

Nikamwambia daktari amenikataza kushuka.

 Akavaa kofia yake, akaenda zake nyumbani kwangu. Mwishowe akina mama wanne walinishusha, wawili kila upande, kama gunia la viazi. Mmoja alisema mimi ni mwepesi kuliko ninavyoonekana. Natumaini alitaka kunifariji.

Jumapili, 8 Juni

Mzee Tobia ameondoka alfajiri.  Dorkasi ameweka chai mezani na kikombe kimetoa sauti. Baadaye, tukielekea kanisani, akasema hivi tu:

“Baba aliniuliza kama umekuwa mtu mkubwa siku hizi, Baba Kristian. Nikakosa cha kumjibu.”

Kanisani nimekaa nyuma kabisa. Hata nyuma kabisa walinigeukia.

Jumatano, 11 Juni

Naandika kwa shida. Nijilazimishe.

Asubuhi nilijichua goti kwa dawa ya chupa ya kijani niliyoikuta bandani. Ilikuwa dawa ya kuchua farasi. Mpaka saa tatu goti lilikuwa linawaka kama pasi ya mkaa. Lakini hilo si kitu. Laiti ingekuwa hilo tu.

Zakia alipanda kwanza. Akamzungusha Jemadari uwanjani, mwendo wa kawaida, kisha mbio, kisha akamsimamisha mbele ya Mzee Rubeni kwa vidole viwili. Akashuka. Akanikabidhi hatamu. Zamu yangu.

Nikaweka mguu kwenye kikuku. Goti likakunjika! Kwa maumivu, lakini likakunjika. Sikuwa na kisingizio chochote. Jemadari akageuza shingo, akanipumulia mkononi, na mimi nikaanza kutetemeka.

Si goti. Mikono, taya, tumbo. Nilisimama pale, mguu mmoja juu na mmoja chini, ninaruka kidogo kidogo kwa mguu mmoja, na sikuweza. Miaka kumi na moja na farasi huyu. Nilikuwa nasikia tu ule mlio wa siku ile, wa goti langu juu ya jiwe. Mzee Rubeni akauliza kuna nini.  Nilihisi nitalia mbele ya bosi wangu, na wapishi wakitazama dirishani.

Zakia akaja. Akaingiza mkono chini ya tandiko, akasema kwa sauti ya juu kwamba mkanda wa tumbo umelegea, ni hatari, yeye ndiye hakuukaza vizuri, Mzee amsamehe. Akanitoa mguu kwenye kikuku taratibu, akaondoka na Jemadari.

Mkanda ulikuwa umekaza kabisa. Niliushika kwa mkono wangu mwenyewe.

Mzee Rubeni akamfokea mbele ya watu wote kwa uzembe. Nami nikanyamaza. Naandika tena ili nilisome: nikanyamaza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda bandani asubuhi kumwomba Zakia radhi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nimesema maneno matatu, yakaisha.

Alikuwa anasafisha kwato za Haraka. Hakuinua kichwa.

“Niliona ulivyoanguka, kaka. Nilikuwa nyuma ya ua wa kabichi.”

Niliuliza ameona nini hasa.

“Mikono ile,” akasema, akaitanua yake kunionyesha.

Miezi mitano! Miezi mitano nimesimulia lile lori la Shume kila mahali, hata mbele yake, na kila nilipolisimulia likawa kubwa zaidi. Hakumwambia mtu. Na mimi nikaenda kumsema kwa Mzee.

Nikamuuliza kwa nini hakunifichua. Akasema mwaka wake wa kwanza alimwachia farasi akala bustani yote ya maua ya mke wa Mzee Rubeni, nami nikasema ni mimi. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Nimejaribu kukumbuka kama kweli nilifanya jambo zuri kiasi hicho. Inaonekana nilifanya.

Akasema yeye naye alishawahi kuanguka, akakaa mwezi mzima akiogopa hata harufu ya tandiko. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi nije. Haraka, kamba, mwendo wa kutembea tu, yeye atashika kamba. Na niende kwa Janeth nikaseme ukweli.

Nikaenda kwa Janeth. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali angenifokea. Amekubali farasi wa mwendo wa kutembea tu, mradi nikunje goti mara thelathini bila kukosa.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya sita. Mtu mzima wa miaka arobaini na nne anazungushwa kwa kamba kama mtoto kwenye maonyesho ya Sabasaba. Wapishi wanatazama. Waache.

Siku ya kwanza nilizunguka nimefumba macho. Siku ya tatu Zakia aliifungua kamba bila kuniambia. Nilijua nilipomwona amekaa kwenye magogo anakula muhogo. Leo nimezunguka uwanja mara mbili peke yangu, nikapanda na kushuka mwenyewe, na goti nimelikunja mara thelathini, asubuhi na jioni. Nilipofika chini nilimkumbatia Haraka shingoni kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa.

Nimekwenda kwa Mzee Rubeni. Nikamwambia yote: kwamba ule mkanda haukuwa umelegea, na kwamba hao watu wa Shume ni mimi. Alikuna kidevu. Akasema anayeongoza Rangwi ni Zakia. Mimi nitakuwa nyuma kabisa, na Haraka, kuangalia asiachwe mgeni. Nikasema asante. Na nilikuwa nashukuru kweli, jambo lililonishangaza.

Jumapili, 22 Juni

Tumerudi salama. Wageni sita, wawili juu ya farasi na wanne kwa miguu wakipokezana. Zakia mbele kwenye ukungu. Mimi nyuma, nakula vumbi la kila mtu.

Kwenye mteremko nilishuka nikatembea. Hakuna aliyecheka. Mgeni mmoja, mwalimu kutoka Dodoma, naye akashuka, akasema alikuwa anangoja mtu aanze.

Jana mchana, tukipumzisha farasi, mwalimu yule akaniuliza goti liliumiaje. Nikafungua mdomo. Lori likaja lenyewe ulimini! Nikamwona Zakia anajifanya anakaza tandiko. Nikasema: nilikuwa napigwa picha, farasi akainama kula kabichi. Walicheka mpaka farasi wakageuka. Masikio yaliniwaka. Lakini usiku ule Rangwi nililala fofofo, jambo ambalo halijatokea tangu Januari.

Nimemwahidi Dorkasi, aliyekuwa ametutangulia Rangwi kwao, mbele ya baba yake, kwamba nimemaliza na uongo. Mzee Tobia alinikatia kipande kikubwa cha muhogo. Sitasema uongo tena. Naweka sahihi hapa chini.

Nathanaeli.

Jumanne, 24 Juni

Mzee Rubeni ametuita bandani leo, mimi, Zakia na wapishi. Kanunua farasi dume wa miaka mitatu kutoka Arusha. Hajawahi kuwekewa tandiko mgongoni. Anaingia Alhamisi kwa lori. Mzee akauliza kama kuna mtu amewahi kufundisha farasi mbichi, la sivyo atafute mtaalamu wa nje.

 Zakia alitazama chini kwa uaminifu, kama mtu asiyejua jambo na anayekubali kwamba hajui.

Ndipo nikasikia sauti inasema amewahi kufundisha watatu, na mmoja alikuwa kichaa. Nikageuka kutazama ni nani. Ilikuwa yangu.

Mzee Rubeni amenishika mkono. Amewatangazia wote. Ameshampigia simu hata mchungaji kumpa habari. Zakia alinitazama tu na ule uso wake wa shikamoo.

Tangu saa tisa nimeanza kuchechemea. Kidogo kidogo, ili Alhamisi lisionekane jambo la ghafla. Dorkasi ameuliza goti limepatwa na nini tena. Nimemwambia ni baridi. Ila inabidi nikumbuke ni mguu gani. Chakula cha jioni nimekwenda mezani nikichechemea wa kulia.