Wasia wa Mita Elfu Tano

Jumamosi, 3 Machi 2007. Penrith, ugenini.
Moyo umechoka. Daktari anasema niweke mambo yangu sawa. Jambo ni moja tu: mjukuu wangu Aketch apate chuo cha Marekani kwa ufadhili wa riadha. Mjukuu wa Mzee Gitonga alipata mwaka jana, kwa mbio, na tangu hapo Gitonga haombei chakula kanisani bila kuitaja Texas. Siwezi kufa hivi!
Shida: Aketch hakimbii. Anarusha mkuki. Mkuki! Nani amewahi kutafuta Mkenya wa mkuki?

Jumapili, 4 Machi.
Nilimwita kitandani, nikapunguza sauti, nikatoa wasia: akimbie mita elfu tano. Wasia wa mzee haukataliwi. Aliinamisha kichwa. Mama yake, Shirleen, ambaye ni binti yangu, ni nesi. Alinipima mapigo, akasema kwa mtu anayeaga dunia nimemaliza wali vizuri sana.

Jumamosi, 10 Machi.
Uwanjani, kwenye kiti cha magurudumu. Kamera nilishika mwenyewe. Aketch wa mwisho. Msichana mwenye mafua alimpita mara mbili. Nusu ya filamu ni magoti yangu. Baadaye alirusha mkuki, watu wakasimama kupiga makofi. Sikurekodi. Nilikuwa nahifadhi betri.
Nimemwandikia kocha mmoja wa chuo Marekani, nikamtumia na filamu: msichana ana damu ya milimani. Sisi ni watu wa Kisumu, kando ya ziwa. Na mimi nilifundisha jiografia miaka thelathini. Mungu anisamehe.

Jumatano, 14 Machi.
Kocha amejibu. Wakenya wa mbio anao hadi hajui awaweke wapi. Na huyu wangu, kwa heshima zote, alidhani ni mtu anayekatiza uwanja kwenda nyumbani. Anachokosa ni mrusha mkuki. Kama namjua mmoja, nitume filamu kabla ya Ijumaa.
Nimezima kompyuta. Nikimjibu, uongo wangu utajulikana. Nisipomjibu, nitakufa na heshima zangu. Nimelala na viatu.

Alhamisi, 15 Machi.
Nimemwita Mchungaji Mbuvi, nikaungama mbele ya wote: nimetumia kifo changu kumtisha mtoto, na nimeificha barua ya kocha. Nilitegemea machozi. Aketch, ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza, leo alitumia Kiswahili ili nisikose neno.
"Babu, wewe unakufa tangu Krismasi. Siku nyingine niulize tu ninachopenda."
Akachukua mkuki, Shirleen akachukua kamera. Mchungaji akaendesha gari. Mimi hawakunipa chochote nishike.

Jumapili, 25 Machi.
Amepata! Masomo, chumba, chakula, kila kitu. Kanisani nilimweleza Gitonga kwamba Aketch nilimfundisha mkuki mimi, tangu akiwa mdogo. Zamu ya kuombea chakula ilikuwa ya Gitonga. Tulikula bila kuombewa.
Jioni nimemwita Aketch kitandani, nikapunguza sauti. Wasia wa pili: akifika Marekani, amwombe kocha amjaribu tena kwenye mbio. Ndefu zaidi. Damu ya milimani huchelewa kupata moto.
Shirleen ameleta kipima mapigo na sahani ya wali.