UPS Iliyopona Peke Yake

Nyumbani kwa dada yangu hakuna kifaa kilichowahi kufa kifo cha kawaida. Vyote vilipitia mikononi mwa shemeji!

Shemeji ni karani wa ghala la magodoro, lakini mwite karani uone atakavyonuna. Tangu siku alipobadilisha balbu ya chooni bila kurushwa na umeme, anataka aitwe Injinia. Nasi tunamwita hivyohivyo, yaishe.

Wiki ile dada alikuwa na jambo la kufa na kupona. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimpa mitihani aichape, akamwambia wazi kwamba akiifikisha Ijumaa kabla ya saa sita, kazi ya ukatibu wa shule ni yake. Kazi hiyo dada ameisaka miaka mitatu! Umeme nao ukachagua wiki hiyohiyo kukatika ovyo, na UPS, lile sanduku linaloshikilia kompyuta isizime ghafla, ilikuwa imekufa. Kila umeme ukienda, maswali nayo yanaenda. Dada anaanza upya, macho mekundu.

"Ipeleke kwa fundi," akamwambia mumewe.

"Fundi!" Injinia akaruka. "Fundi amesimama mbele yako, unamtafuta wapi mwingine?"

Alhamisi akaomba ruhusa kazini, akaifungua UPS juu ya meza ya kulia, akavaa miwani ya jua, ya nini sijui, akaanza kupima kwa mita.

"Fyuzi imekatika!"

Kweli ilikuwa imekatika. Mtu nampa haki yake.

"Dukani zipo tele," nikasema.

"Shemeji, kununua ni kwa wasiojua. Nyumba hii imejaa vipuri!"

Nikacheka. Sikujua kwamba anazungumzia redio yangu! Nilipokwenda kuanika nguo na kurudi, fyuzi ya redio ilikuwa ndani ya UPS, na redio haisemi tena mpaka leo. Nilimchukia, sifichi.

UPS ikalia mara moja, ikanyamaza. Kumbe betri nayo imechoka. Injinia akatoka nje, akarudi na betri ya pikipiki yake mwenyewe. Hapo nilimheshimu kidogo, kama dakika mbili hivi. Halafu akagundua kapasita mbili zimevimba. Televisheni ikatoa mbili. Swichi ya ndani imeganda. Kifaa cha kulinda friji kikachangia ya kwake. Kufika jioni sebule nzima ilikuwa wazi matumbo, na mgonjwa bado hajafumbua macho.

"Imebaki transista moja tu," akasema, akitazama huku na huku.

Nikakumbatia pasi yangu nikaenda kulala.

Ijumaa saa tatu asubuhi dada alikuwa anaoga. Akasikia kelele.

"Imepona! Njooni muone kazi!"

Tukakimbia, dada na povu masikioni. Taa ya kijani inawaka! Na palepale, umeme ukakatika mtaa mzima. Taa ya kijani ikabaki inawaka. Dada akamrukia mumewe shingoni. Mimi mwenyewe nilipiga makofi, redio nikaisamehe.

Dada akachomeka kompyuta, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mume wangu," akasema polepole, "hiyo transista uliitoa wapi?"

Injinia akatazama dari. "Hapahapa karibu."

Karibu kweli! Ndani ya kompyuta!

Dada akajifuta povu, akavaa. Akachukua flashi aliyoanza jana kuhifadhia kazi yake, mimi nikajitwika UPS, tukaenda mbio hadi ofisi ya mwalimu mkuu, akaazima kompyuta ya huko amalizie maswali kumi yaliyobaki. Umeme ukakatika mara mbili, UPS ikashikilia. Saa sita kasorobo mitihani ikawa mezani, na dada akawa katibu.

Tuliporudi, Injinia alikuwa mlangoni anatungoja. Angefanya nini ndani, atazame nini, asikilize nini?

"Mwalimu mkuu ameionaje UPS?"

"Ameisifu sana. Anataka aliyeitengeneza aende akatengeneze na ya ofisini kwake."

Injinia akavuta suruali juu, kifua mbele. "Ukamwambia naenda lini?"

"Nilimwuliza kwanza," dada akajibu akivua viatu, "ofisini kwake kuna vitu vingapi asivyovihitaji."