Jogoo Moja, Mzee Bila

Leo nimemmwagia maji mshenga wa dada yangu, kisha nikamcheka usoni akiwa bado anachuruzika. Nimejifungia chumbani, mlango nimeuwekea kiti. Naandika kwa sababu kwa mdomo sitaweza kuwasimulia. Mnanijua. Mwalimu akiniuliza jina langu, nafikiria kwanza.

Leo ililetwa posa ya Dada Mishi hapa kwetu Makorora. Ni mara ya pili. Mara ya kwanza, mwaka jana, watu wa Bakari walitoka Pangani na barua yao, Baba akawarudisha nayo, kwa sababu mshenga wao alipokea simu katikati ya dua. Simu, kwa Baba, ni mdudu. Dada alilia mpaka akaishiwa sauti, maana yeye na Bakari wamependana tangu chuo. Leo wamekuja na mshenga mpya, mtu mzima wa heshima zake, na Dada hajatia kitu tumboni tangu jana.

Kazi ya kunawisha wageni ni ya binamu yetu Amina. Amina ameamka na jino, shavu kama andazi. Mama akanigeukia mimi.

"Mama, mimi naona haya."

"Kwani umeambiwa ukahutubie? Birika, beseni, taulo. Unapiga magoti, unamimina, unarudi."

Dada akanishika mkono pale jikoni. Wake ulikuwa wa baridi. "Saumu mdogo wangu, nakuomba. Leo tu, usiangushe kitu."

Nikamwahidi. (Na kweli sikuangusha. Birika limebaki mkononi mwangu mpaka mwisho.)

Sasa hapa lazima niseme habari ya ile video. Wengi mnayo, lakini kwa aliyejiunga kundini jana: kuna mzee anashuka kwenye pantoni Pangani, ndevu amezitia hina, kwapani kabana jogoo. Jogoo anachoropoka. Mzee anamnyooshea mkono na kumwambia kwa upole kabisa, "Tulia mwanangu, tuelewane." Kisha anakanyaga penye utelezi, anakaa kitako, anateleza. Hatelezi kwa haraka. Anateleza kama mtu aliyekwisha kukubali, kofia ameinyanyua juu isilowe, mpaka maji yanamfika kifuani. Jogoo yuko nchi kavu, anamtazama.

Na ile sauti ya mtangazaji wa mpira iliyopachikwa humo ni yangu. (Ndiyo. Walioniuliza nikakataa, nisameheni.) Niliirekodi chini ya shuka, nikamtumia rafiki yangu Pili peke yake. Pili naye akamtumia mtu mmoja tu. Baada ya wiki nikaisikia ikitoka kwenye simu ya muuza mihogo kule Ngamiani. Nikanunua mihogo, nikanyamaza.

Wageni walifika baada ya adhuhuri, wanaume saba, kanzu zimenyooka. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia, tunasikiliza kwa masikio yote. Mshenga, Mzee Mbwana, alizungumza maneno matamu, Dada akaanza kupumua. Barua ikapokelewa. Baba akasema, "Tumeipokea. Jibu mtaletewa." Kwa Baba, hiyo inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mpaka Dada azeeke.

Ikawa zamu ya pilau. Mama akanisukuma.

Nikaingia macho chini. Nikapiga magoti kwa mkubwa wao.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akanyoosha mikono juu ya beseni. Mimi naiona mikono tu, sithubutu kupanda juu zaidi. Birika likaanza kutetemeka, mdomo wake unagonga beseni, ka, ka, ka. Mzee akainama kidogo, akaniambia kwa upole kabisa:

"Tulia mwanangu."

Nikainua macho. Ndevu za hina.

Nilijaribu, wallahi. Nilifikiria kaburi. Nilifikiria matokeo yangu ya kemia. Lakini kichwani jogoo kashageuza shingo ananitazama, na kicheko kikanitoka puani, kwa mlio wa tairi la baiskeli linalotoka upepo. Birika likainama lote. Maji yakaingia kwenye mkono wa kanzu, yakashuka mapajani, yakatandaa mkekani. Na Mzee Mbwana, badala ya kusogea, akaivua kofia yake akainyanyua juu isilowe.

Hapo ndipo nilipokwisha. Nilicheka mpaka nikaweka paji la uso kwenye beseni.

Pilau inafuka moshi, hakuna anayeigusa.

"Saumu," Baba akasema. Jina tu.

Mzee Mbwana akaikamua kanzu yake taratibu. "Muache, sheikh. Mjukuu wangu, unacheka nini? Nichekeshe na mimi."

Neno moja tu likatoka. "Jogoo."

"Jogoo gani?"

"Wa pantoni."

Kijana mmoja wa upande wao akaanza kukohoa ndani ya kanzu yake. Mzee Mbwana akashusha pumzi ndefu. "Kumbe imefika mpaka Tanga," akasema, na akatia mkono mfukoni akatoa simu. Simu, mbele ya Baba. Nyuma ya pazia nikamsikia Dada akisema "tumekwisha" kwa sauti ya mgonjwa.

"Tazameni wenyewe, sina la kuficha," mzee akasema. Akabonyeza. Mnazijua simu za wazee, sauti hufunguliwa mpaka mwisho. Sauti yangu ikajaa ukumbini: "Anakwenda, anakwenda, beki hakuna, kipa hakuna, anakwenda mwenyewe, na anaingia! Jogoo moja, mzee bila! Mashabiki wa samaki wanampokea!"

Na nyuma ya pazia Mama, bila kufikiri, kwa sauti ya kutosha mitaa mitatu: "Astaghfirullahi, hiyo si sauti ya Saumu?"

Wanaume saba wakanigeukia. Wanane, na Baba.

Mzee Mbwana akaisimamisha video. "Wiki mbili namtafuta huyu mtu," akasema. "Wajukuu zangu wananiita Mzee Bila. Msikitini wananiita Mzee Bila. Kumbe yuko Makorora ananinawisha."

Nikamtazama Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Nikajua analia kwa aibu. Kisha akasema, kwa shida, "Hebu irudishe. Pale anapokaa kitako."

Ikarudishwa. Ikarudishwa tena. Mara ya tatu Baba aliishika simu mwenyewe, machozi anayafuta kwa taulo langu, na Mzee Mbwana anamwonyesha kwa kidole: "Hapo bado nilikuwa na matumaini."

Walipomaliza kucheka, mzee akajiweka sawa. "Sasa sheikh, tuseme kiume. Mara ya kwanza watu wetu walirudi mikono mitupu, lakini walirudi wakavu. Mimi nimelowa. Siwezi kurudi nimelowa na mikono mitupu."

Baba akatazama ile kanzu, akatazama pazia. "Mchukueni," akasema. "Mimi nimeridhia. Mwenyewe ataulizwa, lakini nasikia keshaacha kulia."

Vigelegele vilianzia jikoni. Dada alichomoka nyuma ya pazia akanikumbatia hapo hapo magotini na birika langu, tukalowa sote wawili.

Ningependa kisa kiishie hapo. Lakini Mzee Mbwana aliinua kidole. "Nina sharti dogo. Siku ya harusi, mtangazaji awe huyu. Kipaza sauti, mbele ya watu wote, kuanzia bwana harusi anapoingia." Baba akakubali kabla sijainuka magotini.

Kwa hiyo, mashoga zangu, anayetaka kucheka acheke leo, amalize akiba yote. Siku hiyo nikisimama mbele yenu, nataka nyuso za watu waliokuja kuchomwa sindano.