Magamba ya Ski za Bwana Halvor

Ijumaa, 21 Novemba

Siku ya mapumziko, lakini nimevaa shati la kola. Bwana Halvor alituita sebuleni sote watatu: mimi mtunza nyumba, Mutai dereva, na Peninah mpishi. Mkataba wake wa uhandisi unaisha Machi. Anarudi kwao Norwei, harudi tena Doha. Peninah ameshapata familia mtaa wa Al Sadd. Rafiki yake Bwana Halvor wa mtaa wa West Bay anatafuta msimamizi wa nyumba. Mtu mmoja tu. Atampendekeza Mutai au mimi. Mwingine atapewa tiketi ya kurudi Kenya na mkono wa kwaheri.

Mutai akanitazama. Nami nikamtazama. Miaka minne tumekula sahani moja!

Alasiri nilimkuta Bwana Halvor stoo, ameshika mbao mbili ndefu nyembamba zilizopinda ncha. Ski. Watu wa kwao huzifunga miguuni wakatembea nazo juu ya theluji, tambarare na hata kilima. Hizi ni za marehemu baba yake. Kila Krismasi mzee alipanda nazo kilima kilicho nyuma ya nyumba, akifika juu humpungia mkewe kofia. Mama husimama dirishani akingoja hiyo kofia. Mzee alipofariki, Bwana Halvor akaendeleza. Mwaka jana ski ziliteleza kinyumenyume, akafika juu kwa kutambaa. Chini zina magamba ya kushika theluji, nayo yamelika. Safari hii ni Krismasi ya mwisho, maana nyumba inauzwa. Mama ana miaka themanini na sita.

Nikamwambia aniachie mimi. Nikasema kazi za namna hiyo nimezifanya.

Theluji nimeiona kwenye friza tu.

Jumamosi, 22 Novemba

Uchunguzi. Nimepima kwa rula na kuandika kila kitu. Urefu: sentimita 205. Sehemu iliyolika: chini ya wayo, sentimita 60. Magamba yaliyobaki: ukipitisha kidole ni kama kupapasa sabuni.

Wazo likaja lenyewe. Mjomba wangu kule Webuye alikuwa akichonga upya matairi yaliyoisha. Tairi lililolika unalikata mistari mipya, linarudi barabarani. Ski ni tairi lililonyooka. Khalas, imekwisha!

Peninah alikuwa akiparua samaki. Akaniuliza magamba nitayaelekeza wapi. Sikuwa nimefikiria kwamba yanaelekea. Akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, akaupitisha juu ya samaki. Kutoka kichwani kwenda mkiani, laini. Kutoka mkiani kwenda kichwani, nikakwaruzwa. Akasema basi ndiyo hivyo, ncha iliyopinda ni kichwa, na tangu azaliwe kwao Homa Bay hajaona samaki anayeogelea kinyumenyume.

Nilimwambia nilikuwa nikielekea huko huko. Nimeandika kanuni kwa wino mwekundu: KICHWA MBELE, MKIA NYUMA.

Jumatatu, 24 Novemba

Mutai ameanza fitina. Ana binamu anaitwa Chebet, muuguzi kule Ufini, na wauguzi wa huko eti huenda kazini kwa ski. Amempigia. Chebet amesema msinoe sana, msikate. Piteni msasa kidogo kwenye kingo za magamba, kisha mpake nta fulani inayonata, inauzwa kwenye kopo dogo. Dakika kumi, kazi imekwisha. Kuna mtu anakuja Doha wiki ijayo, anaweza kulileta hilo kopo.

Dakika kumi! Nani hupewa usimamizi wa nyumba kwa kazi ya dakika kumi?

Jioni nilimwandalia Bwana Halvor kahawa ambayo hakuomba. Nikagusia kwamba nimesikia habari za nta. Nikasema kwa masikitiko kwamba kwa joto la hapa itayeyuka ndani ya sanduku na kuharibu sweta alizofumiwa na mama yake. Akasema sweta kweli zisiharibike. Akamwambia Mutai asiagize.

Mutai aliosha gari mara mbili. Chakula cha usiku alikula peke yake, ndani ya gari.

Sikujisikia vizuri. Lakini nililala.

Ijumaa, 28 Novemba

SIKU YA KUCHONGA. Nimefunga ski zote mbili juu ya benchi uani, sambamba, ncha zikielekea jikoni, mikia ikielekea lango. Patasi nimeinoa hadi ikanyoa nywele za mkono.

Saa mbili asubuhi nikakaa upande wa lango, kwenye kivuli cha ukuta. Ski ya kulia. Nilifuata kanuni ya mwalimu wetu wa useremala, kidato cha pili: patasi isukumwe mbele, isielekezwe tumboni. Gamba la kwanza likainuka kama ukucha. Nikapapasa. Laini kutoka nchani, kali kutoka mkiani. Samaki mtupu! Magamba mia na ishirini kabla ya saa sita.

Mutai alipita, akauliza kama nitaziwekea na breki. Akaniita Fundi wa Theluji. Msimamizi wa nyumba hajibizani na dereva.

Saa sita jua likaruka ukuta, likanikalia shingoni. Kivuli kimehamia upande wa jikoni. Nami nikahamia na kigoda changu. Ski ya kushoto. Mia na ishirini mengine, patasi ikisukumwa mbele, tumbo salama. Rula kila mstari. Hadi saa kumi kasoro robo zimekwisha zote, mistari imenyooka kama ya daftari.

Peninah alileta chai. Akatazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwonyesha rula.

Jumamosi, 29 Novemba

Jaribio. Njia ya kushukia gereji ina mteremko mzuri. Nilimwaga barafu yote ya friza, nikaisaga kwa nyundo, nikaitandaza. Nilifunga ski moja tu, ya kulia, kwa sababu barafu haikutosha mbili. Nikapanda. Ilishika! Hatua tatu, nne, ski ikang'ang'ania kama kucha za paka kwenye zulia. Bwana Halvor akapiga makofi. Akasema ni kama ya baba yake. Macho yake yalikuwa na maji.

Peninah naye akatoka na kamba wa baharini wa wiki nzima walioanza kuyeyuka kwenye sufuria. Aliyoyasema siyaandiki.

Bwana Halvor akaniambia kwamba akizungumza na yule rafiki wa West Bay, atakumbuka leo. ATAKUMBUKA LEO! Mutai alikuwa anasikia.

Ijumaa, 19 Desemba

Bwana Halvor amesafiri. Nilizifunga ski kwa blanketi langu mwenyewe. Mutai alimpeleka uwanja wa ndege, dakika chache tu kutoka hapa Al Thumama. Aliporudi akasema Bwana Halvor hakuacha kuzungumzia kilima njia nzima. Alisema bila kunichokoza. Hilo lilinishangaza kidogo.

Nimepima kola ya koti nitakalovaa West Bay.

Ijumaa, 26 Desemba

Video imekuja. Ni dada yake Bwana Halvor aliyerekodi, yeye ametutumia sote watatu na salamu za Krismasi.

Nieleze kwa utaratibu. Kuna kilima cheupe. Kuna nyumba ya mbao nyekundu. Bwana Halvor amesimama chini ya kilima, amevaa ile kofia ya baba yake. Anaanza. Mguu wa kulia unakwenda mbele. Mguu wa kushoto unagoma. Anausukuma, hausogei. Anauvuta, unarudi nyuma kwa furaha kabisa. Wa kulia unakwenda mbele tena. Mara Bwana Halvor amegeuka, anatazama nyumba. Anajaribu tena, anageuka tena. Anazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Dada yake anacheka kwanza. Halafu hacheki.

Kisha kamera inageukia dirishani. Mama yuko pale. Mdogo kuliko nilivyomdhania. Ameshika pazia.

Bwana Halvor anasimama. Anatazama juu ya kilima. Halafu anavua kofia na kumpungia mama yake akiwa pale pale chini.

Mama anainua mkono. Video inaishia hapo.

Nimeitazama mara kumi na tisa.

Peninah alitazama video, akapapasa benchi palipofungwa ski, akajua. Akaniuliza asubuhi nilikaa wapi. Upande wa lango. Na mchana? Upande wa jikoni. Akasema basi, asubuhi ulichonga kutoka mkiani, mchana ukachonga kutoka kichwani, na umemtuma mzee wa watu kwenye theluji na samaki wawili, mmoja anakwenda sokoni na mwingine anarudi ziwani. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Mutai alikaa karibu nami jioni. Nilimngoja aseme Fundi wa Theluji. Akasema ile nta ingefika tarehe nne mwezi huu. Sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja saa.

Miaka yote mzee yule alipanda. Hata mwaka jana mwanawe alifika juu, kwa kutambaa, lakini alifika. Nyumba inauzwa. Hakuna mwaka mwingine. Siwezi kumrudishia mama yule kofia juu ya kilima, hata nikichonga hadi nife.

Nimeandika hapa, kwa wino mwekundu: SITAGUSA TENA KITU CHA MTU.

Jumapili, 4 Januari

Bwana Halvor amerudi, bila ski. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi, kurasa mbili. Nilifika mstari wa tatu, akaniwekea mkono begani. Akasema yeye ndiye angepaswa kuzikagua. Akasema mama amehamia chumba kidogo kwenye nyumba ya wazee, na ameomba ski zitundikwe ukutani mbele ya kitanda. Kuna siku anazitazama akacheka. Kuna siku anazitazama tu.

Mama aliuliza ni nani aliyechonga. Akaambiwa. Akasema huyo bwana aambiwe kwamba mistari yake imenyooka sana.

West Bay ni Mutai. Bwana Halvor alisema kwa upole mno. Tiketi yangu ni ya Machi.

Nilimpongeza Mutai. Nilimwambia pia kwamba nta isingeyeyukia sweta za mtu yeyote, na kwamba nilijua. Akasema alijua kwamba nilijua. Akanisogezea nusu ya chapati yake. Tulikula sahani moja.

Alhamisi, 8 Januari

Siwezi kuondoka Doha na deni la namna hii moyoni. Msamaha wa mdomo ni mwepesi. Mtu anatakiwa afanyiwe kitu.

Nimefikiria jambo. Mutai anakimbia Jumamosi, mbio za wafanyakazi pale Corniche, barabara ya ufukweni. Chebet atakuwa anatazama kwa simu. Bosi wake mpya wa West Bay naye atakuwepo. Na viatu vyake vya mbio nimeviona mlangoni. Soli zimelika kabisa, ukipitisha kidole ni sabuni tupu. Atateleza, maskini!

Yeye leo analala mapema, kesho siku nzima, ingawa ni Ijumaa, yuko na Bwana Halvor kazini kwa ajili ya makabidhiano. Hatajua hadi avivae. Itakuwa zawadi.

Mistari yangu imenyooka, hata Norwei wamekiri.

Patasi nimeshainoa. Kesho asubuhi nitavifunga viatu vyote viwili juu ya benchi, nikae upande wa lango, nichonge cha kulia. Jua likiruka ukuta, nitahamia upande wa jikoni kwenye kivuli, nimalizie cha kushoto.